Jibu kwa Mama wa Naguru

Juma hili nilikusudia kuandika juu ya kuhifadhi unga wa muhogo, lakini imenipasa kuahirisha. Nimepokea barua kutoka kwa mama mmoja akaaye katika kambi ya polisi ya Naguru, hapa Kampala. Jina lake ameniomba nilifiche, nami nalificha. Anasema mumewe ni konstebo, mtu wa kiasi, halewi wala hatembei ovyo. Lakini tangu anunue mashine ya michezo ya video, akivua sare tu huketi mbele ya televisheni, ameshika kile kidude chenye vitufe, na hapo hukaa hadi saa sita ya usiku. "Si mpira anaocheza," ameandika. "Mpira ningeuelewa. Ni hadithi isiyokwisha ya watu wenye panga kubwa na nywele za manjano. Nikimwita chakulani husema, ngoja kwanza nifike mahali pa kuhifadhi. Tafadhali mwandike gazetini apate kuona haya."

Mama mpendwa, barua yako nimeisoma mara tatu, na aliyeona haya ni mimi. Miaka yote hii nimewaandikia juu ya mboga, ada za shule na usafi wa visima, wala sikupata kusema kwamba mimi mwenyewe, mwanamke mwenye cheti cha ualimu na meza yake katika ofisi ya serikali, mama wa watoto wawili, nacheza michezo hiyo hiyo ya mumeo. Nimeicheza tangu nikiwa msichana wa chuo. Usiku wa Jumamosi, watoto wakisha kulala, utanikuta nami natafuta mahali pa kuhifadhi. Kwa hiyo hukumu uliyoitaka siwezi kuitoa kwa mikono safi. Naweza tu kueleza ninachokijua, nawe utapima.

Wengi wetu tukisikia michezo ya video hufikiri juu ya vile vibanda vya Katwe, Wandegeya au Kireka, ambako vijana hulipa shilingi chache, wakacheza kandanda ya televisheni kwa dakika kumi, kisha aliyeshindwa akaondoka na mwingine akaketi. Mchezo huo una mwanzo na mwisho kama mechi yenyewe. Michezo ya mumeo ni ya namna nyingine. Huitwa michezo ya uhusika, kwa kuwa mchezaji huvaa uhusika wa mtu fulani katika hadithi ndefu, akasafiri naye, akamwamulia la kusema, silaha ya kununua na rafiki wa kumwamini. Mhusika huanza akiwa mnyonge asiyeweza hata kumshinda panya wa porini. Kila pambano humfundisha kidogo, na baada ya majuma mengi huwa mtu wa kuogopwa. Mchezo mmoja waweza kuchukua saa 40 au 50, na mwingine hupita saa mia. Ndiyo sababu hutaukuta vibandani. Nani atalipia saa 50?

Asili yake ni mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Watu huizunguka meza, mmoja akasimulia, wengine wakasema wahusika wao wafanye nini, na kete zikaamua kama wamefaulu. Baadaye ukaingia katika kompyuta, kisha Wajapani wakaufanya kuwa kitu cha sebuleni. Mwaka 1986 walitoa Dragon Quest, iliyobuniwa na Yuji Horii, na mwaka 1987 Final Fantasy ya Hironobu Sakaguchi. Hizo ndizo nasaba mbili kubwa, na zote zingali zinazaa hadi leo.

Lakini kulikuwa na taabu moja. Mashine za siku zile hazikuweza kukumbuka mchezaji alipoachia. Aliyecheza Dragon Quest ya kwanza kule Japani alipotaka kulala alipewa maneno ya siri ya herufi 20, akayanakili katika karatasi, na kesho yake akayaingiza tena herufi kwa herufi. Akikosea moja, mlango haufunguki. Hata mwaka 1988, ilipotoka Dragon Quest ya tatu, ndipo kaseti ya mchezo huo ilipotiwa betri ndogo ya kutunza kumbukumbu. Baada ya hapo zikaja kadi za kuchomeka, na siku hizi mashine yenyewe ina ghala ndani yake. Kwa hiyo neno hilo linalokuudhi, mama, la kuhifadhi, wenzetu walilihangaikia kwa miaka. Bila hilo, hadithi ya saa 50 isingeweza kuchezwa na mtu mwenye kazi, mke na zamu ya usiku.

Wala hadithi zenyewe si ngeni kwetu kama nywele za manjano zinavyoonyesha. Mtoto gani wa Buganda asiyejua habari za Kintu? Alipotaka kumwoa Nambi, Ggulu baba wa msichana alimpa majaribu: ale chakula cha watu wengi mno peke yake, apasue mwamba kwa shoka, ajaze mtungi maji ya umande, kisha amtambue ng'ombe wake katika kundi kubwa, na nyuki ndiye aliyemsaidia. Jaribu baada ya jaribu, msaidizi mdogo asiyetarajiwa, na onyo moja la kutorudi nyuma. Nambi akarudi kuchukua ulezi wa kuku, na Walumbe, yaani kifo, akawafuata duniani. Mwanafunzi wangu mmoja, nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, alisikiliza hadithi hiyo hadi mwisho kisha akauliza: "Mwalimu, kama wangeanza upya, wangeukumbuka ulezi?" Mtoto huyo angekuwa mchezaji hodari.

Sasa nieleze jinsi nilivyoingia mimi, maana jibu langu kwako limo humo.

Baba yetu alikuwa polisi, nasi tulilelewa katika kambi ya Nsambya kabla ya kuhamia Kireka. Kaka yangu aliyenitangulia alijiunga na jeshi. Katika likizo yake mwishoni mwa mwaka 2010 alirudi nyumbani amebeba PlayStation 2 iliyokwisha kutumika, aliyoinunua mjini, pamoja na santuri chache zilizofungwa katika karatasi ya gazeti. Moja ilikuwa Final Fantasy X, iliyotoka Japani mwaka 2001. Ilikuwa nakala ya mitaani, nakiri, tena yenye mikwaruzo. Tuliifuta kwa kitambaa na mate kila jioni.

Hadithi yake ni hii. Katika nchi iitwayo Spira kuna dude kubwa la baharini liitwalo Sin, linaloteketeza miji. Msichana mmoja, Yuna, anaanza safari ndefu ya hija kutoka hekalu hadi hekalu ili apate nguvu za kuliua. Anafuatana na walinzi wake. Mmoja ni kijana mgeni, Tidus, aliyetupwa katika nchi hiyo asiijue hata desturi moja. Wahusika wa kundi ni saba, lakini wanaopigana kwa wakati mmoja ni watatu. Akielemewa mmoja, humwita mwingine achukue nafasi yake. Kaka alilipenda jambo hilo. Alisema aliyetunga mchezo huu anajua kwamba aliye nyuma naye ana kazi.

Tulicheza jioni chache tu. Umeme ulikuwa wa kukatika katika siku hizo, na likizo ya askari ni fupi. Mapema mwaka 2011 kaka aliitwa. Kikosi chake kilikuwa kinakwenda Somalia, ambako majeshi yetu yalikuwa yamekaa tangu Machi 2007 katika ujumbe wa Umoja wa Afrika. Usiku wa mwisho alihifadhi mchezo akachomoa ile kadi ya kumbukumbu, kipande cheusi kinachokaribia ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, akanipa mkononi. Akasema, "Usiendelee bila mimi. Tuko Besaid, kisiwani. Nikirudi tutapanda meli."

Mimi nilikuwa chuoni na sikuwa na pa kuiweka. Nikampa mama. Mama hakuipenda mashine ile hata kidogo. Aliita michezo yote ile upuuzi wa Wazungu, na nilipomwambia imetengenezwa na Wajapani hakuona tofauti. Lakini aliitazama kadi akaniuliza: "Hii ina nini ndani?" Nikamjibu, "Ina mahali alipofika kaka." Alikaa kimya kidogo, kisha akaifunga katika leso, akaitia katika lile sanduku la bati lenye vyeti vyetu vya ubatizo na hati ya kiwanja. Funguo alikaa nazo mwenyewe.

Wenzangu mlio wake na dada za askari mnaujua mwaka ulivyo mrefu. Taarifa za Mogadishu zikisomwa redioni, mama alikuwa akizima, kisha akawasha tena. Mara kwa mara wadogo zetu walitaka kucheza. Aliwaruhusu mashine, wakacheza mpira, lakini kadi hakuitoa. Mara moja nilipokuja nyumbani mwisho wa juma aliniuliza, huku akichambua maharagwe, kana kwamba anauliza bei ya sukari: "Yule kijana bado yuko kisiwani?" Nikamwambia bado yuko. Akasema, "Vyema. Asiende popote."

Kaka alirudi mwaka 2012, mzima wa viungo. Tulichinja mbuzi. Majirani walikuja, afande mmoja wa Nsambya alitoa hotuba ndefu kupita kiasi, na kaka alicheka panapostahili kucheka. Lakini baada ya juma moja tuliona kwamba aliyerudi hakuwa mtu yule yule. Alikuwa haketi akiupa mlango mgongo. Kelele za boda boda zilimfanya asimame. Ukimwuliza habari za huko hujibu, "Kazi tu." Rafiki zake walimpeleka kibandani kumchangamsha, palikuwa na mchezo wa bunduki kwenye televisheni, naye akatoka nje kabla hajaketi.

Aliyekumbuka kadi ni mama. Jioni moja alikuja nayo ingali katika leso yake, akaiweka mezani mbele ya kaka kama mtu arudishaye deni. Kaka aliitazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mbuzi achinjwe. Tukawasha. Kwenye kioo ikaandikwa Besaid, na saa tulizokuwa tumezicheza, zikiwa kama tulivyoziacha. Hakuna lililopungua. Hakuna aliyeuliza alikuwa wapi.

Basi tukapanda meli. Wanaoujua mchezo wanajua lifuatalo. Dude lile linaishambulia bandari ya Kilika, na meli inapofika, kijiji kimekwisha, watu wanalia ufukoni. Hapo Yuna anawasindikiza wafu. Anatembea pekupeku juu ya maji, ameshika fimbo yake, anacheza polepole, na roho za waliokufa zinapanda kutoka majini kama vimulimuli. Katika nchi hiyo huamini kwamba mfu asiyesindikizwa huwaonea wivu walio hai, akageuka zimwi.

Kaka aliweka kile kidude chini. Alitoka nje, akakaa juu ya ngazi. Nilitaka kumfuata, mama akanizuia kwa mkono. Aliporudi aliketi pale pale, akashika tena, na huku akimtembeza kijana yule katika vichaka vya Kilika, macho yake kwenye televisheni, akaanza kusema. Alisema juu ya wenzake wawili. Alisema majina yao, na wa wapi, na mmoja wao alivyokuwa akipika posho ikaungua kila siku. Hakututazama hata mara moja. Nasi hatukumtazama. Tulikaa watatu bega kwa bega, tukitazama upande mmoja, hadi saa saba ya usiku.

Mimi si daktari, na kosa kubwa lingekuwa kuwaambia kwamba mashine ilimponya kaka yangu. Haikumponya. Kuna mengine yalihitaji padri, mengine mshauri wa jeshini, na mengine yangali pale yalipo. Lakini nimesomea kufundisha, nami nimejaribu kuelewa kwa nini aliweza kusema hapo na si pengine. Naona ni kwa sababu mbili. Katika mchezo wa aina ile adui hukungoja. Zamu yako ikifika, hakuna kitakachokugusa mpaka uamue. Waweza kufikiri, kunywa chai, kuinuka. Mtu aliyekaa mwaka mzima akiamua mambo kwa kufumba na kufumbua hupumzika humo. Na jingine ni kwamba mnatazama kitu kimoja, si kutazamana. Wavuvi wa ziwani wanalijua hilo, na wanaume wanaocheza omweso chini ya mwembe pia: mazungumzo mazito hutoka mikono ikiwa na kazi nyingine.

Tulimaliza baada ya miezi mitatu, kwa jioni za mwisho wa juma. Katikati ya hadithi kuna siri inafichuka, na hapa naomba radhi kwa wasiopenda kusimuliwa, ila mchezo huo ni wa mwaka 2001 na muda wa kutosha umepita. Hija ya Yuna ina mwisho mmoja: mwenye kuliua dude lile hufa papo hapo, na nchi hupata utulivu wa miaka michache tu kabla halijarudi. Walinzi wote wanalijua hilo tangu siku ya kwanza. Kijana mgeni peke yake halijui. Yeye njia nzima amekuwa akimwambia msichana juu ya mambo watakayofanya wakimaliza. Anapoambiwa, anapiga kelele akiuliza kwa nini walimwacha aseme hivyo. Mama, aliyekuwa akishona kwenye kona na ambaye nilidhani hasikilizi tafsiri yangu, alisema: "Hata sisi tulijua. Tulipokusindikiza tulisema juu ya mbuzi tutakayemchinja." Kaka hakujibu. Baadaye alimwomba amfundishe kushona kifungo vizuri, maana alichokuwa akikishona jeshini hung'oka.

Mama wa Naguru, hujaniambia mumeo ametoka kazi gani, wala sikuulizi gazetini. Pengine hana lolote moyoni ila uvivu. Wapo wa namna hiyo, tena wengi, na mimi nimewahi kuwa mmoja wao. Mwaka 2014 nilikaa usiku nikimtafuta zimwi fulani wa hiari ambaye hadithi haimhitaji hata kidogo, nikalala alfajiri, nikafika ofisini saa nne. Mkubwa wangu aliniandikia barua ya onyo. Nimewahi kuunguza sufuria ya maharagwe hadi ikatoboka. Mara nyingine yuniti za umeme tulizonunua kwa ajili ya pasi na sare za shule ziliishia kwenye televisheni. Sijivunii hata moja kati ya hayo.

Kwa hiyo na nikupe kipimo cha haki. Akisema "ngoja nifike mahali pa kuhifadhi," katika mashine za zamani anasema kweli. Mahali hapo ni kama kituo cha basi; huwezi kushuka popote. Mpe dakika ishirini, hata nusu saa. Ikipita nusu saa, anakudanganya. Na kama mashine yake ni ya siku hizi, PlayStation 4 au 5, kuna kitufe cha kuilaza usingizi mahali popote, na akiiamsha kesho humkuta pale pale. Mwulize ni ya namba ngapi. Mtoto akiwa na homa, hakuna mahali pa kuhifadhi. Atainuka hivyo hivyo, na akipoteza saa moja ya safari ataipata tena. Hilo mwambie kwamba limesemwa na mchezaji mwenzake.

Kisha nakuomba jambo moja gumu. Usiku mmoja, kabla hujamwita chakulani, chukua kigoda ukae karibu naye, umwulize: "Huyu ni nani, na anakwenda wapi?" Usiulize kwa kejeli. Wachezaji wa michezo hii wana ugonjwa mmoja, hupenda mno kusimulia. Atakueleza zaidi ya ulichotaka. Kama hadithi itakuchosha, rudi jikoni, hujapoteza kitu. Lakini utakuwa umejua mumeo amekuwa akiishi wapi saa tatu za kila usiku.

Na watoto je? Hapa nasema kama mwalimu. Maneno ya michezo hii karibu yote ni ya Kiingereza, na mengi huandikwa kwenye kioo badala ya kusemwa. Nyumbani kwangu nilifanya kazi ya wale watafsiri wa filamu wa vibandani, mfano wa VJ Jingo, ambao Kampala nzima inawajua kwa kumfanya Mchina aongee Kiganda. Nilisoma kwa sauti, nikawapa watoto kwa Kiswahili na Kiganda, nikibadilisha sauti kwa kila mhusika, na zimwi nikimpa sauti ya yule afande wa hotuba ndefu. Mwanangu wa kwanza alipoingia darasa la nne alichoka kunisubiri, akaanza kusoma mwenyewe. Ana daftari alilochora ramani za mapango, na humo ameandika tahajia za maneno ambayo hakuna mwalimu aliyempa. Hata hivyo siwaachii peke yao. Sanduku halali la mchezo huwa na namba ya umri, kama vile 7, 12, 16 au 18. Nakala za mitaani hazina namba wala sanduku, na baadhi ya hadithi hizi zina mambo ya watu wazima kweli kweli. Mzazi aonje kwanza, kama aonjavyo mchuzi. Jihadharini pia na ile ya simu inayomwomba mtoto fedha kila baada ya hatua chache apate kufungua kisanduku cha bahati. Hiyo kwangu ni kamari iliyovaa kofia ya mchezo, na kamari tunayo ya kutosha mjini humu.

Kwa wewe na mumeo, iwapo siku moja mtapata kompyuta, tafuteni Aurion: Legacy of the Kori-Odan. Umetengenezwa na Waafrika wenzetu, kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, iliyoanzishwa na Olivier Madiba, na ulitoka mwaka 2016. Enzo, mwana wa mfalme, anapinduliwa siku ile ile ya kutawazwa kwake na ya harusi yake na Erine. Wawili hao wanatoka kwenda kutafuta nguvu za mababu ili warudi kudai kiti. Nilichokipenda ni kwamba bibi harusi haachwi nyumbani kungoja. Wanatembea pamoja tangu mwanzo, wanagombana njiani, wanashauriana, na pasipo yeye Enzo hafiki mbali. Mavazi yao na sura zao ni za kwetu, wala hakuna mwenye nywele za manjano.

Kaka yangu angali jeshini, katika kambi moja ya mbali, ana mke na mtoto wa kike. Ile PlayStation 2 ilikufa zamani. Tuna nyingine kubwa zaidi sasa, na mchezo ule ule umetolewa upya kwa mashine mpya, nasi tumeununua ukiwa na sanduku lake na namba yake. Mwanangu ndiye anayeucheza safari hii. Jumapili jioni mjomba wake hupiga simu, na kabla ya salamu zangu humwomba kijana aje kwenye simu, amwulize amefika wapi. Juma lililopita alikuwa Kilika. Nilimsikia mtoto akisema, "Mjomba, Yuna anacheza juu ya maji," kisha akanyamaza akisikiliza kwa muda mrefu. Sikuuliza aliambiwa nini.

Kadi ya zamani mama amekataa kuitoa katika sanduku la bati.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitarudi kwenye unga wa muhogo na jinsi ya kuuzuia usiingiwe na wadudu wakati wa mvua. Mama wa Naguru, niandikie tena unieleze mashine ni ya namba ngapi.